Nani Atakupikia?

Mazungumzo ya redio kwa ajili ya nyumba za Wakristo
Somo: Yohana 21:9-17

Tunawasalimu kutoka Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, sisi mume na mke ambao Mungu ametuweka katika nyumba moja kwa miaka mingi. Mazungumzo ya leo tumeyatayarisha pamoja mezani petu, na kila mmoja wetu amelikubali kila neno lililomo. Mkisikia tukisema "Mwalimu", huyo ndiye mume, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu. Mkisikia "Mama", huyo ndiye mke. Ndivyo majirani wanavyotuita.

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo la nyumbani, nalo ni ukaidi. Hatusemi juu ya ukaidi wa watoto. Twasema juu ya mume au mke ambaye akiambiwa, "Nenda safari," hujibu, "Siendi," na akiulizwa sababu hutoa sababu nyepesi kama pumba. Pengine nyumbani kwako yuko mtu wa namna hiyo. Pengine ndiwe wewe.

Kwetu sisi safari yenyewe ilikuwa ya Naivasha. Binti yetu ameolewa, naye hufanya kazi katika mashamba ya maua kando ya ziwa la huko. Kila mwaka alikuwa akimwomba mama yake aende kumtembelea, na kila mwaka Mama alikuwa na neno. Mwaka mmoja mahindi yalikuwa hayajavunwa. Mwaka mwingine kuku walikuwa wanaatamia. Lakini neno lililorudi mara nyingi kuliko yote lilikuwa hili: "Nikienda mimi, Mwalimu nani atampikia?"

Nasi tulicheka, kwa maana ni kweli kwamba Mwalimu hakujua kupika hata chai. Katika desturi za wazee wetu Wajaluo, meko ni ya mwanamke, na mume anayefunuafunua sufuria hupata jina baya kijijini. Kwa hiyo jibu la Mama lilionekana kuwa jibu la mke mwema.

Lakini kama tungekuwa waangalifu tungaliona jambo. Mama hakuwa mtu wa kuogopa safari. Sokoni Rangwe alikwenda kwa miguu na kikapu kichwani. Homa Bay alikwenda kwa matatu, na kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa alifika mpaka Kisumu, akarudi akiimba. Ilikuwa ni njia moja tu aliyoikataa. Mwalimu, ambaye maisha yake yote alisahihisha madaftari ya watoto, hakuliona kosa hilo katika hesabu ya nyumba yake mwenyewe.

Mwaka 2022 simu ikaja. Binti yetu alikuwa na uvimbe tumboni, na madaktari walisema lazima apasuliwe. Siku iliwekwa baada ya wiki 5. Baada ya upasuaji asingeweza kuteka maji wala kuinua sufuria kwa muda. Akasema katika simu, "Mama, safari hii njoo. Nina hofu."

Mama akarudisha simu mezani, akatoka kwenda kuwatupia kuku mtama. Jioni alipoandaa chakula akasema bila kuinua macho, "Na wewe utakula nini?"

Mwalimu akakasirika. Akasema, "Mtoto wako anapasuliwa, nawe unasema habari za ugali?" Kisha akafanya jambo ambalo wazee wengi wa kanisa hulifanya wanaposhindwa na wake zao: akachukua Biblia. Akamsomea habari za Ibrahimu, jinsi alivyoitwa atoke katika nchi yake, naye akatoka pasipo kuuliza. Akahubiri vizuri mno, kama mtu aliye mbele ya watu mia.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Ndipo akajibu neno moja: "Ibrahimu aliondoka pamoja na Sara. Hakumtuma Sara peke yake."

Mwalimu hakulielewa neno hilo. Alidhani ni ukaidi ule ule umevaa nguo nyingine. Zikapita siku 3 ambazo katika nyumba yetu hayakusikika maneno ila "lete chumvi" na "mlango umefungwa?" Wasikilizaji wapendwa, mnajua nyumba inavyokuwa baridi hivyo, hata kama jua la Rangwe linawaka nje.

Siku ya 4 Mwalimu akafanya shauri moyoni. Akasema, "Nitamwondolea kisingizio chake. Nitajifunza kupika, nione atasema nini tena." Tukiri ukweli mbele yenu: hakuanza kwa upendo. Alianza kwa hasira, ili apate kushinda.

Akaanza na ugali. Maji yalikuwa hayajachemka sawasawa alipomimina unga, ikawa uji wenye mabonge. Mara ya pili akautia unga mwingi, mwiko ukasimama wima kama nguzo ya ua. Moshi wa kuni ukamtoa machozi. Jirani mmoja mzee, aliyekuwa akipita na ng'ombe wake, akasimama uani akamwangalia mtu huyu aliyeinama penye mafiga, akauliza kwa upole, "Mwalimu, mama yu mgonjwa?" Alipoambiwa hapana, akatikisa kichwa akaenda zake, na kabla ya jua kutua habari ilikuwa imefika sokoni.

Mama naye alikuwa amekaa chini ya mwembe akichambua mgagani, ile mboga ambayo sisi huiita dek. Hakusema kitu siku ya kwanza. Siku ya pili alisema, "Subiri maji yaruke." Siku ya tatu akasogeza kigoda chake karibu na meko.

Basi akawa mwalimu wa Mwalimu. Akamwonyesha kwamba mgagani ni mboga chungu, na asiyejua huikimbiza motoni akaila na uchungu wake. Majani huchambuliwa yakaachana na vikonyo, yakaoshwa, yakachemshwa, na yale maji ya kwanza yenye uchungu humwagwa. Kisha hutiwa maziwa, ikaachwa ichemke polepole kwa moto mdogo, na maziwa yakikauka huongezwa mengine. Ikilala usiku kucha na kupashwa moto tena kesho yake, ndipo inapokuwa tamu. Akamwonyesha na omena, kwamba lazima waoshwe kwa maji ya moto mara nyingi mpaka mchanga wote utoke, ndipo wakaangwe na vitunguu na nyanya. Mwalimu alishangaa. Alikuwa amekula vyakula hivyo maisha yake yote, wala hakujua kwamba vilikuwa na kazi nyingi namna ile.

Ikafika jioni moja, kama wiki 2 tangu aanze. Mwalimu akapika peke yake, Mama akiwa amelala kidogo. Akaleta maji ya kunawa, akamnawisha mkewe mikono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaweka mezani ugali wa mahindi na mtama, mgagani wa maziwa uliolala, na omena. Wakaomba. Mama akamega tonge, akachovya, akala. Akamega la pili. Ndipo akaweka mkono chini, akasema, "Sasa sina kisingizio tena." Akalia.

Na Mwalimu, ambaye kwa siku nyingi alikuwa akiingoja saa hii ya kushinda, hakuona ushindi wowote. Mara ya kwanza katika miaka 14 akauliza swali ambalo angepaswa kuliuliza mwanzo kabisa: "Mama, kuna nini katika njia ile?"

Wasikilizaji, wengi wenu mnaikumbuka miezi ile. Mwezi wa Desemba 2007 Mama alikwenda Naivasha kumsaidia binti yetu aliyekuwa karibu kujifungua. Mtoto akazaliwa wiki ya Krismasi. Tarehe 27 Desemba nchi yetu ikapiga kura, na matokeo yalipotangazwa tarehe 30, moto ukawaka. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika Kenya, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao, wa makabila mbalimbali, kabla ya viongozi kutia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008 wakisaidiwa na Kofi Annan. Ghasia ziliingia Naivasha yenyewe tarehe 27 Januari. Jirani ya binti yetu, mama mmoja Mkikuyu, aliwaficha katika chumba chake cha kulala usiku 2, naye akakaa mlangoni. Kisha wakakimbilia kituo cha polisi, na baada ya siku kadhaa wakapata nafasi katika lori lililokuwa likichukua wanawake na watoto kuja upande wetu wa magharibi.

Hayo tuliyajua. Ambalo Mwalimu hakulijua ni hili. Kati ya Naivasha na Nakuru palikuwa na kizuizi cha mawe na magogo. Vijana wenye mapanga wakapanda loriní kutafuta wanaume. Katikati ya Mama na mwanamke mwingine alikuwa ameketi mvulana wa kama miaka 17, mwana wa yule mwanamke. Walipomvuta, akamshika Mama mkono. Mama kwa mkono wa pili alikuwa amemkumbatia mjukuu wetu chini ya leso. "Nami nikautoa mkono wangu," akasema Mama. "Niliogopa mtoto ataanguka. Nikautoa mkono wangu." Wakamshusha yule mvulana, na lori likaambiwa liende. Mama hakujua jina lake, wala hajui mpaka leo yaliyompata.

Mwalimu akauliza, "Mbona hukuniambia?"

Mama akamkumbusha siku aliyofika nyumbani, Februari 2008. Mwalimu alimpokea njiani akiruka kwa furaha. Akasema, "Mungu amekurudisha! Yaliyopita yamepita." Jumapili iliyofuata akamsimamisha kanisani, watu wakaimba, wakapiga makofi, na mchungaji akamshukuru Mungu kwa maneno mengi. "Kila mtu alikuwa akishukuru," Mama akasema. "Ningelisema wapi neno hili?"

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipojifunza kwamba hata shukrani inaweza kumfunga mtu kinywa, ikija haraka kabla hajaulizwa. Tunamwambia mtu, "Bwana amekuokoa, usilie," naye anatii, halii. Lakini lile neno halijatoka. Linakaa ndani miaka 14, na kila likitaka kutoka linavaa kanzu ya kuku, ya mahindi, au ya ugali wa mume.

Fungueni nasi Injili ya Yohana, sura ya 21. Petro naye alikuwa na neno ambalo halijatoka. Usiku ule alioshtakiwa Bwana, Petro alisimama akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu, akakana mara 3 kwamba hamjui. Baada ya kufufuka kwake, Bwana aliwatokea wanafunzi pwani ya ziwa, nao walikuwa wamefanya kazi usiku kucha. Walipofika nchi kavu walikuta nini? Moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Mwana wa Mungu, aliyeyashinda mauti, alikuwa amewapikia asubuhi! Sisi tunaoishi karibu na ziwa tunaijua harufu ile ya samaki penye makaa, na tunadhani Petro alipoisikia alikumbuka ule moto mwingine.

Angalieni utaratibu wa Bwana. Hakuanza kwa kumkemea. Aliwaalika kwanza wale. Walipokwisha kula, ndipo akamwita Petro kwa jina, akamwuliza swali, akamwuliza tena, na mara ya tatu, hata Petro akahuzunika na kusema yote yaliyokuwa moyoni. Kisha Bwana akampa kazi ya kulisha kondoo. Mwalimu alikuwa amehubiri juu ya sura hii mara nyingi, lakini aliielewa usiku ule, mikono yake ikinuka vitunguu.

Asubuhi yake hakumwambia Mama, "Nenda." Alisema, "Mimi nilijifunza kupika ili uende peke yako. Nilikosea. Tutakwenda wote, nami nitapika huko." Mama akamwambia apewe siku moja afikiri. Siku ya pili akaanza kukausha omena wa kubeba.

Ng'ombe wetu wawili tukamwachia yule jirani mzee. Tukasafiri mchana, tukipita Kericho na Nakuru. Baada ya Nakuru Mama akaomba kukaa dirishani, akamshika Mwalimu mkono. Penye mahali fulani akasema kwa sauti ndogo, "Ni hapa." Palikuwa na vibanda vya viazi na karoti, na watoto wa shule wakingoja kuvuka barabara. Gari halikusimama. Tulimwombea yule mvulana, kama yu hai au kama ametangulia, na mama yake, na wale vijana wenye mapanga, ambao sasa nao ni watu wazima wenye watoto. Hatutawadanganya kwamba moyo ulipona pale pale. Mama alitetemeka mpaka tukafika. Lakini alifika.

Kituoni alikuwapo yule mtoto wa leso, sasa mrefu kumpita bibi yake, akampokea kikapu. Upasuaji ulikwenda vema. Mama alimwuguza binti yake, na Mwalimu akapika wiki 3, na kwa neema ya Mungu hakuna aliyeugua kwa sababu ya ugali wake. Jumapili moja yule jirani aliyewaficha akaja, akiwa amezeeka, amebeba sufuria ya mukimo. Tukaweka mukimo wake na mgagani wetu katika meza moja. Wale wanawake wawili walikaa pamoja mpaka jioni, na walichozungumza ni chao wenyewe.

Sasa tunapenda kuwapa onyo kidogo kutoka mbali. Wengi wetu tunalijua jina la William Carey, fundi viatu wa Uingereza aliyekwenda Bara Hindi mwaka 1793 kuhubiri, akatafsiri Maandiko kwa Kibengali na kwa lugha nyingine. Wachache tunalijua jina la mkewe, Dorothy. Walipooana mwaka 1781 hakujua kuandika. Katika kitabu cha ndoa aliweka alama tu. Alipoambiwa habari ya Bara Hindi alikataa. Alikuwa mjamzito, na watoto wadogo mkononi. Carey akaanza safari na mtoto mkubwa peke yake, lakini safari hiyo ikakwama. Wakarudi kwake mtoto mchanga akiwa amekwisha kuzaliwa, akakataa tena. Ndipo mwenzake Carey, daktari John Thomas, akamshurutisha kwa maneno mazito, hata akakubali ndani ya muda mfupi, kwa sharti moja: dada yake aende pamoja naye. Tarehe 13 Juni 1793 wakasafiri. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter, wa miaka 5, akafa huko ugenini. Akili za Dorothy zikavunjika, wala hazikurudi mpaka alipokufa mwaka 1807.

Hatuidharau kazi ya Carey. Makanisa mengi yanamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini twaulizana: je, lile "siendi" la Dorothy lilikuwa ukaidi tu? Na lile sharti lake la kutokwenda bila dada yake, halifanani na neno la Mama juu ya Ibrahimu na Sara? Katika Mwanzo 24 ndugu za Rebeka walimwita binti mwenyewe wakamwuliza kama atakwenda. Walimwuliza kwanza, naye akajibu kwa kinywa chake.

Basi, mume uliye na mke asiyetaka kwenda, na mke uliye na mume asiyetaka kwenda, hospitalini, kwa ndugu mliyekosana naye, au kwa mtoto aliye mbali, tunakuomba mambo machache. Usianze na mahubiri. Chukua mzigo ule anaoutaja, hata kama ni mdogo, uubebe kwa mikono yako. Kisha uliza, unyamaze, ungoje. Na ukijua, usimtume peke yake.

Nawe unayekataa, tunakuomba nawe. Si kila kukataa kuna kidonda ndani yake; Yona alikataa kwa sababu ya moyo mgumu, na hata hivyo Mungu alizungumza naye kwa maswali mpaka mwisho wa kitabu. Lakini kama kuna neno ndani yako, mwambie mwenzako. Anayekula pamoja nawe kila siku anaweza kulibeba kuliko unavyodhani.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewapikia wanafunzi wako walipokuwa wamechoka na kuaibika, ingia katika nyumba zetu. Utusamehe mara tulipotumia Neno lako kuwanyamazisha wale tuliopaswa kuwasikiliza. Uwakumbuke waliopoteza watoto wao njiani, ambao majina yao twajua na ambao hatujui. Utupe mikono ya kutumika na masikio ya kusikia, na kila safari unayotuitia, uende pamoja nasi. Amina.

Ni sisi, Mwalimu na Mama, wa Rangwe. Mungu awabariki, na mlale salama.